Viatu Nilivyompa Banza

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa asubuhi yenye jua hapa Kamina, mwaka ule vita vilipotufikia. Nilikuwa nimeinama juu ya mashine ya kusagia mahindi, mikono imejaa mafuta, nikamwona mwenzangu anakamatwa na askari kwa sababu ya viatu vyangu. Nilimwona, na nikanyamaza.

Juzi ulinijia na barua yako ya kuomba kazi. Ukaniuliza kama uandike kwamba ulikuwa jeshini miaka sita, au uiruke miaka hiyo, kwa kuwa wenye kazi wanawaogopa watu waliovua magwanda. Sikukujibu. Kaa sasa nikujibu, ila nitaanzia mbali kidogo. Univumilie.

Mimi niliingia jeshini kijana, kwa kupenda mashine kuliko bunduki. Miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa jenereta kule Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Kazi yangu niliijua vizuri. Nikisikia tu mlio, natambua ugonjwa uko wapi. Lakini jeshi letu la wakati ule, mwanangu, lilikuwa limeoza. Kuna wenzangu waliokuwa wakisimama barabarani na kuwanyang'anya wakulima kuku na mihogo. Mimi sikumnyang'anya mtu, lakini magwanda ni yale yale, na wanawake wakituona walishika njia nyingine.

Vita vilikuja kutoka mashariki. Kwanza tulivisikia redioni, kisha tukawaona wenzetu waliotoka huko wakipita kwa miguu, macho mekundu, wengine wamepanda juu ya mabehewa. Wakubwa wetu waliondoka kwa ndege. Sisi wadogo hatukuagwa. Nikakimbilia mjini, ambako mke wangu Numbi na watoto wetu wanne walikuwa wamejificha kwa mjomba wake. Numbi akayachoma magwanda yangu kwenye moto wa kupikia bukari, ugali wetu. Viatu tu ndivyo nilivyokataa vichomwe. Vilikuwa vipya, vya ngozi nzuri, nikavisukuma chini ya kitanda.

Karibu na stesheni kulikuwa na mzee mmoja, Tata Kalenga, karani wa reli aliyestaafu na mzee wa kanisa la Wamethodisti. Alikuwa na mashine ya kusagia mahindi, na mashine ilikuwa imekufa. Nikaifufua kwa siku moja. Akaniuliza kazi hiyo niliisomea wapi.

"Luena, Tata. Kule kwenye makaa ya mawe," nikamjibu.

Luena nilikuwa nimepita mara mbili tu, ndani ya treni. Mzee alinitazama mikono, akanitazama usoni, akaniambia nije kesho kazini. Hakuuliza tena.

Kisha askari wapya, wale walioshinda, wakaingia mjini. Ikatangazwa kwamba kila askari wa zamani ajitokeze, apelekwe Base. Watu wakanong'ona kwamba waliokwenda hawarudi. Kama ni kweli au si kweli, nani angekwenda kuhakikisha? Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikajiambia, nami nikakimbiza wangu. Lakini woga, mwanangu, ukiupa kiti unaomba na kitanda. Lori likipita, naacha neno katikati. Nikajifunza kutembea kwa kuvuta miguu kama mtu asiyewahi kupiga gwaride. Siku moja sokoni nilimwona rafiki yangu wa Base, mtu tuliyekula sahani moja, nikageuza uso kama simjui. Na yeye akageuza wake.

Pale kwenye mashine alikuwapo mbeba mifuko aliyeitwa Banza, mtu mzima wa umri wangu, kutoka kijiji kimoja upande wa Kabongo. Hakuwahi kushika bunduki maisha yake yote. Alitembea peku, na nyayo zake zilipasuka kiasi kwamba siku nyingine aliacha damu kwenye sakafu. Nikawaza: viatu vile vikikutwa nyumbani kwangu nimekwisha. Basi nikamletea Banza, vimefungwa kwenye gunia.

"Ni vya shemeji yangu," nikasema. "Amehamia Lubumbashi, havihitaji tena."

Alivishika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Akasema, "Wafwako, Fundi. Vidye akuone." Kwa Kiluba hiyo ni asante, Mungu akuone. Watu wote wakanisifu kwa ukarimu, na mimi nikakubali sifa. Sikuwa mkarimu. Nilikuwa nimeutoa woga wangu chini ya kitanda changu na kuuvalisha miguuni mwa mtu asiyejua kitu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliompa huo mzigo ndio tunaouona mwepesi kabisa.

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi hiyo wanawake walikuwa wamepanga mabeseni yao, mashine inanguruma, na askari watatu wakaingia. Walikuwa vijana, Kiswahili chao cha mbali. Mmoja akatazama chini.

"Wewe! Hivi ni viatu vya jeshi. Wewe ni askari wa zamani."

"Hapana, chef," Banza akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho minyi ni mimi na soda ni askari. "Minyi haina soda. Minyi nabebaka mifuko tu. Ile viatu balinipatiaka."

"Nani alikupa?"

Banza akainua macho, akanitazama. Mwanangu, sijawahi kutazamwa namna ile tena. Alikuwa ameelewa. Nilimwona anaelewa: mashine niliyoijua mno, kimya changu lori likipita, shemeji wa Lubumbashi. Nilikuwa nimeshika spana, nikajifanya nakaza nati. Nikangoja jina langu.

"Muntu moja wa ku soko," Banza akasema. "Jina yake sijue."

Wakampiga na kitako cha bunduki sikioni. Akaanguka juu ya unga. Wakamwinua, wakamtoa nje, na nikasikia gari linaondoka. Mimi nilikuwa bado nimeinama juu ya mashine.

Tata Kalenga akaja, akaizima yeye mwenyewe. Akawaomba wanawake watoke. Kisha akasimama mbele yangu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ni weye," akasema.

"Tata…"

"Usiniambie Luena. Siku ya kwanza ulisimamaka mbele yangu kama bendera inapanda. Nilikuwa karani ya reli miaka makumi tatu, basoda nabajua. Nilikupatia kazi juu ya mikono yako, haina juu ya ile hadisi. Nilisema, siku moja atakuya kuniambia mwenyewe. Nilikungojaka."

"Nikienda bataniua, Tata. Niko na batoto ine."

"Na Banza? Benye kuwa kwake haiko batoto?"

"Naogopa."

"Ogopa," mzee akasema. "Minyi pia naogopa. Lakini woga haiko sababu ya kuacha muntu akufe mu fasi yako."

Nilikuwa bado natafuta neno la kujitetea, mke wa Banza akaingia. Alikuwa amekimbia, kitambaa kimemdondoka kichwani, ameshika bukari iliyofungwa kwenye majani. Kati ya watu wote, alinijia mimi.

"Fundi, weye unajua kusema na bantu bakubwa. Tafazali, tuende pamoja ubaambie kama bwana yangu haiko soda. Weye njo rafiki yake, ulimupatiaka viatu."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mimi maradhi yangu yalikuwa yanamwumbua mtu mwingine. Nikanawa mikono. Nikamtuma jirani amwambie Numbi nimekwenda wapi, maana nilijua nikimwona yeye na watoto miguu itagoma. Tukaondoka watatu, mimi, mzee, na yule mama.

Walikuwa wamewafunga watu kwenye bohari la zamani nyuma ya stesheni. Ni mwendo wa dakika kumi tu. Njiani nilisimama mara mbili, nikatazama nyuma. Mzee alisimama nami kila mara, hakunivuta, hakunisukuma. Mara ya pili alinong'ona sala kwa Kiluba, na sauti yake ilitetemeka kama yangu. Hilo lilinisaidia kuliko kama angekuwa shujaa.

Mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye meza ya shule. Nikasimama wima, visigino pamoja, kwa mara ya kwanza tangu nikimbie. Nikasema jina langu, namba yangu, kikosi changu, kazi yangu. Nikasema viatu ni vyangu na aliyefungwa ni mbeba mifuko tu.

"Tulipotangaza, kwa nini hukuja?"

"Niliogopa, mkubwa."

Aligonga meza kwa kalamu. Nikadhani nahesabiwa pumzi za mwisho. Kisha akaagiza Banza aletwe. Alikuja peku, uso umevimba, damu imekauka shingoni. Akapita kando yangu bila kunitazama, akamfuata mkewe. Na mimi nikaingia mlango aliotokea yeye.

Sitakusimulia yote ya kule ndani. Baadaye walitupeleka Base, wengi sana, tukalala kwenye mabohari niliyoyajua tangu ujana. Njaa ilikuwapo, na kuhara kulikomaliza watu. Kila asubuhi majina yaliitwa, na kila asubuhi kulikuwa na jina lisiloitikiwa. Nililala nikidhani kesho ni langu. Mpaka siku moja wakauliza nani anayeweza kutengeneza pampu ya maji. Zamani ningetazama chini. Safari hii nikainua mkono, nikasema mimi ni nani na nilijifunza wapi. Pampu ile ilinishika miezi mingi, na nadhani maji yake yalituokoa baadhi yetu. Mwishowe wakanipa karatasi yenye muhuri, ya kuachishwa jeshi.

Nilirudi mjini nimekonda hivi kwamba mtoto wangu wa mwisho alikimbia akaita mama yake. Tata Kalenga akanirudisha kwenye mashine, na akaniandikia barua kwa mkono wake. Aliandika kwamba nilikuwa askari miaka kumi na moja, fundi wa jenereta. Kwamba mwanzoni nilimdanganya, kisha nikasema ukweli mbele ya watu walioweza kuniua. Nilimsihi aondoe baadhi ya maneno hayo. Akakataa. Sehemu mbili waliisoma barua ile wakanirudishia bila kunikaribisha kiti. Sehemu ya tatu, hospitali moja, daktari aliisoma mara mbili, akanipa ufunguo wa chumba cha jenereta. Nilifanya kazi pale mpaka nilipostaafu.

Na Banza? Nilikwenda kwake wiki ile ile niliyorudi. Alikuwa anatia mpini jembe. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, ilibidi nizunguke upande wa pili ndipo anisikie. Nikaomba msamaha. Nikamwuliza kwa nini hakusema jina langu.

"Niliona uso yako," akasema. "Nikasema, huyu muntu anakufa tayari. Kumuongezea ya nini?" Akapiga mpini kwa jiwe. "Nimekusamehe, Fundi. Lakini kintu usinipatie tena."

Tuliishi mji mmoja miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana, tulizika pamoja, tulikaa benchi moja kanisani. Alikuja kwangu mara nyingi. Hakupokea hata kikombe cha maji, mpaka alipofariki.

Basi, mwanangu, jibu langu ni hili. Andika. Andika kwamba ulikuwa askari, andika miaka yote sita, na andika kile mikono yako ilichojifunza huko, iwe ni udereva, redio au kufunga vidonda. Kama uliwakosea watu ulipovaa magwanda, nenda kwao kwanza kabla ya kwenda kwa mwajiri. Watakaokukataa kwa ajili ya ukweli watakuwapo. Inuka, waage kwa heshima, gonga mlango mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi mwishoni pake amesimama mtu asiye na hatia. Na usingoje woga uishe ndipo utende haki. Mimi ni mzee sasa, na lori likisimama mlangoni bado naacha neno katikati.

Mungu akupe kazi ya kuilisha nyumba yako, akupe mkubwa atakayesikia ukweli wako bila kukudharau, na akulinde usije ukalala salama kwa mateso ya mwingine. Mikono yako iwe na baraka, na jina lako ulitaje wazi popote utakapoitwa. Nenda, mwanangu. Nenda vizuri.