Yule Bibi wa Uani

Ugonjwa wangu ni baiskeli za zamani. Nazinunua zikiwa kutu tupu, nazifufua kwa mafuta na meno mapya ya gia, na kwa mapenzi niliyonayo, zile za kike naziita bibi. Mke wangu alishanionya kwamba ulimi huu utaniponza.

Juzi, nikikatiza Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, nikaiona moja ya kike kupitia mlango, imeegemea ukuta ndani ya ua wa Mzee Shabani, muuza vitambaa. Mate yakanitoka. Nikabisha hodi, nikampa shikamoo yake, nikakaribishwa kahawa.

“Mzee, nimekuja kwa ajili ya yule bibi wa uani,” nikasema.

Kikombe kikamganda mkononi. “Bibi yupi?”

“Yule aliyeegemea ukuta. Amechakaa, lakini viungo vyote ni vyake vya asili. Nipe mimi nimsugue, nimpake mafuta, Ijumaa nimtembeze mpaka Makurunge. Meno yamelika, ila nitamtafutia mengine Msata.”

Mzee akasimama polepole. “Kijana, yule ni mama yangu mzazi!”

Kabla sijapata pa kuficha uso, sauti ya kikongwe ikatoka uani: “Shabani, hebu muulize, hayo meno ni ya dhahabu?”