Shingo Yangu na Treni ya Kasai

Mi ni mshonaji, na cherehani ilinipa shingo ya kobe: kichwa mbele, mabega karibu na masikio. Mwaka ule mkono wa kuume ulikataa kabisa kupanda kupita bega. Kampuni ya migodi ilikuwa imeanguka, mume wangu alirudi toka kazini mikono mitupu, na nyumba nzima ilikula kwa cherehani yangu. Mshonaji bila mkono atakula nini?

Jirani yangu pale Musonoi, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi, alikuwa kine, yaani mama wa hospitali anayenyoosha viungo vya watu. Aliniona barabarani akacheka. "Mama, unatembea sawa mutu mwenye kutafuta makuta mu mavumbi!" Makuta ni senti zetu. Akanibandika utepe toka shingoni mpaka kati ya mabega. Sparadra, ule utepe wa vidonda wa hospitali, ilikwisha zamani, basi tulitumia utepe mweusi wa mafundi umeme. Musonoi kila baba alikuwa ameleta rola ya utepe huo nyumbani toka mgodini. Mi nikadhani utepe ndio dawa. Nikamwambia mume aongeze, akanizungushia mpaka kwapani, nikaenda misa nimekakamaa. Jua likawaka, gundi ikayeyuka, na kuutoa, yoo! Ulitoka na ngozi.

"Utepe iko inakukumbusha tu kunyoosha mabega," jirani alinigombeza. "Mazoezi njo itakuponesha." Mgongo ukutani, kidevu ndani, mabega nyuma na chini, mikono ipande ukuta pole pole. Niliyachukia mazoezi yale kwa moyo wangu wote.

Kisha watu wa asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa kwetu Katanga, wakiitwa wageni, na jirani yangu alikuwa mmoja wao. Wakahamia stesheni, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, chini ya mahema ya plastiki. Mkono wangu ulikuwa umefika usawa wa jicho tu. Kila asubuhi nilimpelekea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, naye akanisimamisha kwenye ukuta wa stesheni. Akina mama wengine wakajiunga, maana kulala juu ya simenti kunavunja shingo. Tulisimama mstari mzima, videvu ndani, tunachekana. Vijana waliolinda stesheni wakatujia mbio wakidhani ni maandamano! "Aka, ni shingo tu," jirani akawaambia. Mmoja akauliza kama inasaidia na kiuno.

Treni ikachelewa, ikachelewa tena, na mi nilifurahi kila mara. Mkono ukapita jicho, ukapita kichwa. Siku ulipofika juu kabisa tulipiga vigelegele, na kelele hazijaisha tukasikia honi. Nikamwambia, "Mama, mi nilikuwa ninaomba hii treni ichelewe."

"Mi pia," akasema, anafunga furushi. "Kule Kasai banasema ni kwetu. Mi nilizaliwaka hapa. Kule sijafikaka hata siku moja."