Kifua Alichofichwa Mshenga

Mimi ni mtu wa kelele, nabishana hata na redio, lakini kuna jambo moja nililolinyamazia miaka tisa. Utotoni nilikuwa na pumu. Kwetu, mshenga akija kuulizia msichana, huchunguza pia magonjwa ya ukoo. Wangu alipofika, mama yangu alimtazama usoni akasema, "Sisi tuko wazima." Mimi nilikuwa jikoni, nikikoholea kwenye leso.

Basi binti yetu akazaliwa, na kila miwa ilipochomwa hapa Awendo, kifua kilimlia filimbi. Alitibiwa nimonia mara nne. Kila mara nilishuku ni pumu yangu, na kila mara nikaufyata ulimi. Naona haya kuliandika.

Mara ya tano tukaenda hospitali ya Homa Bay, kando ya ziwa, mimi, mtoto na mama mkwe wangu, ambaye hakosi safari ya kuelekea kwenye samaki. Daktari, dada mpole, alisikiliza kifua kisha akashika kalamu.

"Kwa familia kuna mtu alikuwa na pumu? Niambieni ukweli, ndio nisimpe tena dawa yenye haimsaidii."

Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Nikaona heri nirudishwe kwetu kuliko kumwona hivyo.

"Ni mimi," nikasema. "Mama, nisamehe. Tulimficha mshenga."

Mama mkwe alinitazama, kisha akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Nyathina, mwanangu, na bwana yako je? Huyo nimemlea na mvuke ya sufuria mpaka sekondari! Mshenga aliponiuliza kikohozi chake, nikamwambia ni homa ya juzi tu."

Daktari naye akacheka, akaandika pande zote mbili. Alitueleza kwamba mtoto anaweza kurithi wepesi wa kupata pumu kwa baba na kwa mama, halafu moshi na vumbi huiamsha. Hakuna aliyemroga. Akampa pampu ya kuvuta, na baada ya muda mabega yakatulia. Nililia kidogo, sikatai.

Tulipotoka, binti yangu aliona njiwa uani akawakimbilia. Akazunguka ua mzima, akarudi, akazunguka tena, akicheka kwa sauti kubwa.

"Hii mbio yote ilikuwa wapi?" mama mkwe akauliza.

Nilijua ilikokuwa. Nilikuwa nimeikalia mimi. Nikavua viatu, nikamfuata mbio.