Redio Niliyoipandisha Darini

Mimi ndiye yule mwalimu wa Msangeni aliyeteremka hadi Same kumfokea muuza redio. Tangu siku hiyo sijui niufiche wapi uso huu.

Redio ya betri ilikuwa ya baba mkwe, aliyeniachia niitunze kwa kuwa nimesoma. Mvua za masika zilipoanza, niliogopa unyevu, nikaipandisha darini juu ya mafiga, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu kwa moshi. Baada ya wiki mbili ikawa bubu.

Nikamchukua mzee huyo, baba mkwe, awe shahidi wangu. Dukani nikaibwaga hati ya dhamana mezani.

"Miezi sita haijaisha! Nipe nyingine, ni haki yangu, la sivyo twende bomani kwa Mzungu!"

"Mliiweka wapi, mwalimu?" muuza redio akauliza kwa upole.

"Pakavu! Haijaguswa hata na vumbi!"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Muuzaji akaifungua redio kwa nyuma. Masizi yakamwagika, nta ya kuzibia nyaya za ndani yote imeyeyuka kwa joto, na punje tatu za mahindi zikabingirika hadi mbele ya baba mkwe.

Mzee akaokota moja, akainusa.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "ulisema nije kushuhudia nini?"