Sketi Iliyogeuka Kibuyu

Amerikani mpya, kile kitambaa cha pamba, ina harufu ya wanga, na kila nikiinusa dukani hasira hunipanda kana kwamba ni jana.

Mama alikuwa akichuma pareto kwenye shamba la mzungu, huko Subukia. Memsahibu alimpa mabaki ya pazia la maua, naye akanunua kipande cha amerikani ya bei rahisi, akanishonea sketi kwa mkono: pazia kiunoni, amerikani katikati, pazia tena chini.

"Mama, nyanya anasema amerikani inalowekwa kwanza, ipungue, ndio ishonwe."

"Kesho ni Jumapili," akafoka. "Kanisani utavaa maji?"

Jumapili hiyo niling'ara. Jumatatu ikafuliwa. Amerikani ikapungua, pazia likakataa, na sketi yangu ikawa kibuyu: imefura juu, imefura chini, katikati imenyongwa.

Nililia. Mama aliivuta huku na huku, ameuma meno, lakini haikuongezeka hata kidogo. Jumapili iliyofuata akanivalisha hivyo hivyo.

"Tembea haraka," akasema bila kuniangalia. "Ukienda mbio hawataona."

Mbio! Na mapaja yamefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni.