Mwenyeji wa Ukumbi wa Spånga

Safinaz Wasfi alikuwa na rekodi mbili, ya ugenini na ya nyumbani, na mtu asiyemjua angeapa kwamba ni za wachezaji wawili tofauti. Ugenini alikuwa hashikiki. Tulipopanda treni kwenda Tumba, au popote pengine walikotualika, yeye alishuka, akapokea kikombe cha kahawa kwa adabu zote, akavua koti, kisha akamchapa binti wa watu mpaka mama yake akajuta kuja kumtazama. Lakini nyumbani kwetu Spånga, pembezoni mwa Stockholm, alishindwa. Alishindwa na wazuri, akashindwa na wabovu, na mara moja alishindwa na mama mmoja aliyecheza na bendeji kwenye kifundo cha mguu.

Mimi niliingia katika klabu ile kwa sababu ya baridi. Nilitoka Bukoba mwaka 1969 kuja kusomea uuguzi Stockholm, na mwalimu wetu mmoja wa chuo aliniambia kwamba majira ya giza humnyong'onyeza mtu asiyetoka jasho. Nikachagua mpira wa vinyoya, ule wa badminton, kwa kuwa unachezwa ndani. Kipaji sikuwa nacho. Kazi yangu ilikuwa kufunga wavu, kuhesabu pointi na kupiga domo, na katika hilo la tatu hakuna aliyenifikia.

Safinaz nilimkuta kwenye basi la kutoka Tensta, tulikokuwa tukiishi wote wawili, majengo yakiwa bado mapya na matope yakiwa mengi kuliko miti. Alikuwa na mfuko wa sokoni, na kati ya majani ya vitunguu ulichomoza mpini wa raketi. Nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha kuungaunga kama anacheza. Akanijibu kwa Kiswidi chake, ambacho nacho kilikuwa kimeshonwa kwa viraka vya Kifaransa na Kiarabu, kwamba hachezi, anashinda. Nikampenda palepale.

Alikuwa mtu wa Kairo. Baba yake alikuwa karani katika klabu ya matajiri, na baada ya saa za kazi alimruhusu binti yake apige vinyoya na mabinti wa wanachama, kwa sharti kwamba asiwashinde mno. Aliwashinda mno. Alipata vikombe, na mama yake akavitumia kuwekea dengu. Halafu akaolewa, na mama mkwe akatoa hukumu kwamba kurukaruka na raketi kunatikisa tumbo la uzazi. Raketi ikapanda juu ya kabati, ikakaa huko mpaka mumewe, mchoraji wa ramani za majengo, alipopata kazi Stockholm mwaka 1968. Huku Safinaz mwenyewe akapata kazi katika jiko la shule, kumenya viazi, na mama mkwe akawa mbali sana. Watoto wake wawili, waliozaliwa raketi ikiwa juu ya kabati, sasa walikuwa wakimjibu kwa Kiswidi tu, hata alipowagombeza kwa Kiarabu.

Sasa nieleze ile habari ya kushindwa nyumbani, maana watu walifikiri ni uchawi, na Wasweden, ambao hawana uchawi, walifikiri ni udhaifu wa mishipa ya fahamu.

Ligi yetu ilikuwa ya chini sana, kiasi kwamba hapakuwa na waamuzi wa mistari. Kila mchezaji alitazama mistari ya upande wake, na kinyoya kilipoanguka alisema mwenyewe: ndani, au nje. Kikiwa ndani, mpinzani anafaidi. Kikiwa nje, unafaidi wewe. Wasweden walifanya hivyo kwa uaminifu wa kutisha, kama watu wanaopima dawa. Safinaz naye, akiwa nyumbani, kila kinyoya cha mashaka alikisema ndani. Alifungua kiganja kuelekea pale kilipoangukia, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti, akasema: "Ndani. Pointi yako."

"Dada Safinaz," nilimwambia siku moja, "kile kilikuwa nje. Hata mimi niliye mlangoni nimekiona."

"Mtu amepanda treni mbili kwenye theluji," akasema, "halafu mimi nimwambie kinyoya chake kiko nje? Nimelelewa wapi mimi?"

Na ugenini je? Ugenini alisubiri wenyeji wamfanyie vivyo hivyo. Walipomwambia, kwa haki kabisa, kwamba kinyoya chake kimetoka nje, alishtuka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Alikunja uso. Alinong'ona jambo fulani kwa Kiarabu kuhusu malezi ya watu wale. Halafu hasira ikampanda, na hapo ndipo kichapo kilipoanza. Ushindi wake wote wa ugenini ulitokana na kuchukizwa.

Siku za mechi za nyumbani alifika ukumbini mapema kuliko sote. Ulikuwa ukumbi wa mazoezi wa shule, wenye kamba za kukwea na harufu ya raba, lakini Safinaz alifagia, akapanga vikombe, akachemsha chai ya nanaa, akasimama mlangoni. Alipokea makoti ya wageni mmoja mmoja, akauliza habari za safari, na za watoto, na za mama zao. Wale wanawake walizoea kuingia, kutikisa kichwa na kwenda kubadilisha nguo. Wengine walimfuata hadi jiko dogo la ukumbi, wakajibu habari za mama zao kwa kirefu, wakatoka na macho mekundu, wakaingia uwanjani kumshinda.

Kocha wetu aliitwa Severin, mstaafu wa reli, mtu mpole aliyependa ratiba. Miaka ile Wasweden walikuwa wamekubaliana kuitana majina ya kwanza, hata wakubwa. Mimi mdomo ulikataa, nikamwita Mzee Severin, naye akadhani hiyo ni heshima ya kipekee, akatembea kifua mbele.

Msimu wa baridi wa 1974 klabu ilikuwa ikining'inia pabaya, mkiani mwa ligi. Severin akakaa na Safinaz, akamweleza mpango wake. Kulikuwa na msichana anaitwa Annika, wa miaka kumi na saba, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Mechi ya nyumbani iliyokuwa ikija, dhidi ya Tumba, Safinaz angecheza. Akishindwa tena, basi tangu siku hiyo Annika angecheza nyumbani, na Safinaz angecheza ugenini tu, kule anakoshinda.

Klabu nzima iliona ni busara tupu. Mimi pia, nikashangaa kwa nini hatukulifikiria mapema. Safinaz alisema sawa. Ndani ya basi, tulipokaribia Tensta, alinigeukia.

"Kazini mimi ni mgeni," akasema. "Kwenye ngazi za jengo letu ni mgeni, miaka sita sasa. Wanangu wakileta rafiki zao nyumbani, hata sebuleni kwangu nakuwa mgeni, wanazungumza na kucheka nami sielewi wanacheka nini. Kuna mlango mmoja tu katika nchi hii ambao nasimama na kusema karibuni, na watu wanaingia kwangu. Huyu mzee anataka niwe mgeni hata pale."

Iliniuma.

Basi nikaamua kutumia akili. Nilijiambia: kama tatizo ni ukarimu, tumnyang'anye ukarimu. Nikamshawishi Severin awapigie simu watu wa Tumba, awaambie jiko letu limeharibika, na awaombe waje na kahawa na vitafunwa vyao, watuandalie na sisi. Wao wakitulisha, nilifikiri, watakuwa wenyeji, Safinaz atakuwa mgeni, na hasira itapanda kama kawaida. Severin alilipenda wazo hilo mpaka akaliandika kwenye ratiba.

Siku ilifika, Tumba wakaja na chupa za kahawa na sinia la maandazi ya mdalasini, wakatupa pole kwa jiko letu kuharibika. Safinaz aliwatazama mlangoni. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, nikaanza kukagua kamba za viatu vyangu. Akazipokea zile chupa, akalipokea na lile sinia, akawashukuru kwa zawadi nzuri waliyomletea, akaingia jikoni. Alipotoka, kahawa ya Tumba ilikuwa ndani ya vikombe vyake, maandazi ya Tumba yalikuwa juu ya vitambaa vyake alivyodarizi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasihi waongeze.

"Jiko limepona," akaniambia akipita.

Mpinzani wake alikuwa Gunvor, mfanyakazi wa posta, mwanamke mrefu, mwenye haki, aliyekula maandazi mawili. Walipoanza kucheza niligundua kwamba Safinaz naye alikuwa amekuja na mpango wake. Kinyoya kisipoanguka hakiwezi kuwa cha mashaka. Basi hakuacha kimoja kianguke upande wake. Alikimbilia hata vile vilivyokuwa vinatoka nje waziwazi, akavirudisha, mama wa miaka thelathini na saba aliyesimama tangu alfajiri kwenye viazi. Severin alishika kichwa. Watu wa Tumba waliacha vikombe. Seti ya kwanza alichukua Safinaz, ya pili Gunvor, na katika ya tatu pumzi ya Safinaz ilisikika mpaka mlangoni.

Walifika mahali ambapo Gunvor alibakiza pointi moja. Alianzisha, wakapigana, kisha akapiga juu, mbali, kona ya nyuma. Safinaz alirudi nyuma mbio, miguu ikakataa, kinyoya kikaanguka. Nilikuwa nimekaa kona ileile. Kilikuwa nje, si kwa mashaka: kati yake na mstari ungeweza kulaza kidole.

Severin alifumba macho. Safinaz alikitazama kinyoya, akamtazama Severin, akatazama mlango wake. Akafungua kiganja.

"Ndani," akasema. "Pointi yako."

Gunvor alikuja mpaka kwenye wavu. "Kilikuwa nje," akasema. "Nimekiona kutoka huku."

"Kwangu nasema mimi," Safinaz akajibu, akampa mkono.

Nilikasirika naye wiki nzima. Nilimwona mjinga na nikamwambia, akanimiminia chai.

Mechi ya nyumbani iliyofuata alicheza Annika, kama ilivyopangwa. Safinaz alifika mapema vilevile, akafagia, akasimama mlangoni akipokea makoti. Nilidhani angeona haya. Annika alicheza vizuri, kwa kweli alicheza vizuri sana, na alikuwa akielekea kushinda wakati kinyoya cha mpinzani kilipotua karibu na mstari wake wa pembeni. Pale palikuwa na mashaka halali. Yule msichana alikiinamia. Masikio yakamwiva. Alinyanyuka, akatazama mlangoni mara moja, kisha akafungua kiganja chake kirefu, polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti.

"Ndani," akasema.

Severin alivua miwani, akaanza kuifuta na tai yake. Mimi nilicheka mpaka nikapoteza hesabu ya pointi. Nilipogeuka, Safinaz alikuwa amezikwa na makoti ya wageni hadi kidevuni, na machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nikamwendea na leso yangu.

"Leokadia," akaniambia, "siku nikichelewa basi, wageni watakuta mwenyeji."