Mikoko Mia Tano ya Profesa

Mama Punguza hajawahi kukubali bei ya kwanza. Alipojifungua mapacha, alimuuliza mkunga kama malipo yanaweza kuhesabiwa ya mtoto mmoja. Alianza na ndoo moja ya samaki kichwani. Leo ana mabwawa matatu ya kufugia, ufuoni kabisa.

Kibali cha mabwawa kilikuwa kinaisha, na sharti la kukihuisha lilikuwa moja: mikoko mia tano ipandwe kati ya mabwawa na bahari, ili ichuje maji yanayotoka na kuzuia wimbi lisimege ufuo. Mama aliomba iwe mia mbili. Bibi mkaguzi wa mazingira akatikisa kichwa tu.

Kazi akapewa shemeji yake, Profesa, aliyewahi kuhudhuria semina ya siku mbili na hajawaachia watu wapumue tangu hapo. Akapanda mbegu zote, ndefu kama penseli, mistari imenyooka kama ya gwaride.

Mkaguzi alipofika, alichuchumaa, akachomoa moja, akaitazama.

"Mama, hizi zote zimepandwa kichwa chini."

Mama akageuka polepole. "Shemeji?"

"Ncha kali ndiyo inayotafuta jua," alisema Profesa. "Nina cheti."

"Hiyo ncha kali ndiyo inayoota mizizi," alisema mkaguzi.

"Semina ulikaa siku zote mbili?" Mama alimuuliza.

"Ya pili nilichelewa kidogo, shemeji. Nilifika wakati wa chakula."

Mama akarudia lugha yake ya sokoni. "Lakini bibi, ni mia tano kamili. Tuzihesabu nusu."

"Mti mfu hauna nusu."

"Nipe siku saba."

"Mbili."

"Tano, na milango ya maji naifunga sasa hivi. Halitoki tone mpaka zigeuzwe."

Mkaguzi alifikiri. "Tatu. Na milango ifungwe nikiona."

Mama alifunga kwa mikono yake. Kisha akapindua ndoo, akaikalia, na kwa siku tatu neno lake lilikuwa moja: "Geuza, Profesa."

Mkaguzi aliporudi alihesabu mara mbili. "Mia tano na mmoja. Huu mmoja wa nini?"

"Nyongeza," alisema Mama Punguza. Profesa nusura aangukie tope. Miaka yote hiyo, hakuwahi kumwona akitoa nyongeza, ila akiidai.

Mkaguzi alikuwa ameshaweka sahihi kwenye kibali.

"Sasa na mimi nipe yangu," alisema Mama. "Hapo kwenye muda wa kibali, andika miaka miwili."

Mkaguzi alicheka sana. Akaandika mmoja.